Bunduki ya Zamu

Saa kumi na mbili jioni natia sahihi.
Ssempebwa wa ghalani anausukuma mtutu chini ya wavu wa dirisha,
kisha risasi tano, kazipanga mezani kama meno ya mtoto.
"Ukirudisha nne," husema, "rudi na maelezo."
Miaka sita nimerudisha tano.

Nalinda benki ya Ntinda.
Nyuma yangu zimelala pesa nisizozijua sura,
na kwa ajili yake nimeruhusiwa kuua,
kwa maandishi, kwa mhuri,
kwa mshahara unaokwisha tarehe kumi.

Kotido, ndugu yangu Lochul
analinda ng'ombe kumi na mmoja
kwa fimbo.

Ile ya baba aliitoa mwenyewe.
Wanajeshi waliizingira boma alfajiri,
wakawaketisha wanaume juani, mikono kichwani,
hadi ardhi itapike ilichomezeshwa.
Lochul akaifukua chini ya jiwe la kusagia mtama,
akapewa karatasi.
Nilipokwenda likizo aliitoa ndani ya kopo la chumvi:
"Nisomee tena. Imeandikwa nani atakuja
wezi wakija?"
Nikasoma upande wa kwanza. Jina, namba, tarehe.
Nikageuza.
Upande wa pili ulikuwa mweupe.

Juzi alipiga simu, hakusalimu.
"Wamewaswaga usiku."
Wote. Hata Lokori, yule wa mabaka,
ambaye Lochul humwita kabla ya kumwita mkewe.
"Na askari?"
"Kambi yao iko mwendo wa kupika uji.
Walifika jua limepanda,
wakapiga picha nyayo za kwato."

Nikamsimulia Opolot, mwenzangu wa zamu, mtu wa Katakwi.
Nikasema: mtu na mali yake.
Nikasema: mwizi haogopi karatasi,
aliyetii ndiye aliyeibiwa,
hata nungunungu kaachiwa miiba.
Opolot alitafuna chapati taratibu.
"Nilikuwa na miaka saba," akasema.
"Waliotujia nao walisema wanajilinda.
Walijilinda kutoka kwenu
hadi jikoni kwa mama yangu."

Akaikata chapati iliyobaki, akanipa nusu.
Nikaila. Ningefanyaje?
Huku nikihesabu miaka kwa siri:
mimi nilikuwa na minane
baba aliporudi na ng'ombe wenye alama ngeni masikioni,
na wanawake wakapiga vigelegele,
na mimi nikashika kibuyu kwa mikono miwili.

Maziwa yale yalikuwa matamu.
Hilo sikumwambia Opolot.

Saa tisa usiku, Lochul tena.
Sauti chini, kama mtu aliye ndani ya kopo.
"Kuna mtu mpakani anauza. Bei ya ng'ombe wawili,
na mimi ng'ombe sina. Una akiba?"
Ninayo. Laki nne, karo ya Nachap,
nimeishonea ndani ya koti hili hili la kampuni.
Bunduki ya benki ilikuwa imelala juu ya mapaja yangu,
baridi, imetiwa mafuta,
haijui ng'ombe wala shilingi.
Upande wa pili wa geti Opolot alikuwa macho,
ya kwake nayo mapajani, risasi tano nazo,
akinitazama jinsi ninavyosikiliza.

"Mtandao unakatika," nikasema.
"Mbona mimi nakusikia vizuri?"
"Unakatika, Lochul."

Asubuhi tulipanga foleni dirishani.
Ssempebwa alihesabu kwa ncha ya kalamu, tano.
Kwenye safu ya matukio niliandika: *hakuna.*
Opolot akaandika chini yangu, neno lile lile,
herufi zake zimesimama wima kuliko zangu.

Tukatoka mikono mitupu.
Bega langu la kulia bado lilikuwa limeinama,
na upande wa kushoto, ndani ya koti,
noti zilikwaruza kila nilipovuta pumzi.
Simu ilitikisika mfukoni.
Opolot alitangulia kuvuka barabara,
akanisubiri upande wa pili.